Darubini ya Kutafutia Mtamba

Manyanda alikuwa na ng'ombe wengi na maneno machache. Kila asubuhi alitoka Nsemulwa na kundi lake kwenda porini. Jioni alirudi nalo, akala, akalala. Mkewe, Nyanzala, alimtania kwamba ng'ombe anawaita kwa majina lakini watoto wote anawaita "wewe".

Haikuwa kweli kabisa. Mtoto mmoja alimwita kwa jina. Huyo ni Specioza, binti yake mkubwa, aliyekuwa akisoma kidato cha pili hapo Mpanda mjini.

Mwaka 1991 Specioza alijiunga na chama cha watazama nyota. Wanachama walikutana Majengo siku za Jumamosi. Walikuwemo walimu, wanafunzi, fundi cherehani mmoja, na Sista Fausta, muuguzi wa macho wa hospitalini. Chama kilikuwa na darubini moja tu, ile ya macho mawili yenye mkanda wa kuvaa shingoni. Wanachama waliichukua nyumbani kwa zamu ili watazame mwezi.

Zamu ya Specioza ilipofika, baba yake aliigeuzageuza ile darubini kama mtu anayekagua mbuzi mnadani.

"Sasa mwezi una nini cha kutazama?" aliuliza. "Haukamuliwi."

"Una milima, baba. Tazama mwenyewe."

Kwanza alishindwa. Akitumia macho mawili, aliona vitu vimepandana. Akafumba jicho la kushoto kama mtu anayelenga shabaha, akatazama kwa la kulia. Mara akaruka nyuma, nusura amkanyage Nyanzala.

"Umekuja mpaka hapa!" alisema, akinyoosha mkono kuugusa mwezi.

Nyanzala alicheka hadi akakaa chini. Manyanda hakucheka. Alitazama tena na tena. Kumbe kitu cha mbali namna ile kinaweza kuletwa mlangoni.

"Ila mchana haishikwi, baba," Specioza alisema alipoitundika ukutani. "Ni sheria ya chama."

"Kwa nini?"

Mama yake alikuwa anamwita jikoni. "Ni sheria tu," alijibu, akaenda. Laiti angesimama kidogo akaeleza sababu, mimi leo nisingekuwa na hadithi ya kusimulia. Katazo lisilo na sababu ni zizi lisilo na mlango.

Siku iliyofuata Manyanda alirudisha ng'ombe mapema mchana. Mtamba wake mwekundu hakuwepo. Mtamba huyo alikuwa na mimba ya kwanza, na Manyanda alimpenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Specioza alikuwa shuleni. Darubini ilikuwa ukutani. Mfugaji akakumbuka jinsi mwezi ulivyosogea.

"Ng'ombe ni wa karibu kuliko mwezi," alijiambia. Akaichukua.

Kila mfugaji anajua kwamba mnyama akifa porini, tumbusi humwona kabla ya mwenye mali. Ukitaka kujua mzoga uko wapi, tazama wale ndege wanazunguka wapi. Manyanda alipanda kichuguu, akawaona tumbusi juu sana. Akafumba jicho la kushoto, akaweka darubini kwenye la kulia, akawafuata.

Tumbusi hawazunguki upande mmoja wa mbingu kwa ajili ya kumfurahisha mtu. Walipita mbele ya jua, naye akapita nao. Mwanga mkali ukampiga. Akatoa darubini, akafuta chozi, akarudia. Walipozunguka tena mbele ya jua, akawafuata tena. Hakusikia maumivu yoyote. Aliona tu doa la kijani, akadhani litaondoka kama linavyoondoka ukitazama moto.

Mzoga aliupata. Ulikuwa wa mbwa. Aliporudi nyumbani akamkuta mtamba wake amelala zizini, anacheua, kama aliyekuwa akimsubiri yeye. Akairudisha darubini ukutani wala hakumwambia mtu.

Asubuhi alikuwa ananawa uso. Povu la sabuni likamwingia jicho la kushoto, akalifumba. Nyanzala alikuwa amesimama mbele yake na taulo. Manyanda akainua uso amtazame.

Akaona kilemba. Akaona masikio mawili na hereni zake. Katikati hapakuwa na mtu.

"Mama Spe," aliita. "Uso wako uko wapi?"

"Uso wangu?"

"Sikuoni. Naona kilemba tu."

Kibeseni kilimponyoka, maji yakamwagika miguuni. Alisugua jicho, akatazama tena. Uso haukuwepo. Pale ulipopaswa kuwa palikuwa na doa jeusi, na kila alikohamisha jicho, doa lilikwenda naye. Manyanda aliwahi kukabiliana na fisi wawili na fimbo moja mkononi. Hakuogopa kama alivyoogopa asubuhi ile.

Kaka yake, Mwandu, alikuja mbio. Alisikiliza, kisha akatikisa kichwa.

"Jicho halivimbi, haliumi, na halioni," alisema. "Huu si ugonjwa. Huu ni mkono wa mtu. Juzi ng'ombe wako waliingia kwenye mpunga wa nani?"

"Wa Maiko," Manyanda alisema polepole.

"Na Maiko alisemaje?"

"Alisema nitaona."

Mwandu akapiga paja. "Umeona sasa."

Maiko alikuwa jirani yao, Mpimbwe aliyehamia kutoka Kasansa, mtu wa kwenda kanisani kila Jumapili. Alipomwambia Manyanda "utaona", alimaanisha atampeleka kwa balozi wa nyumba kumi. Lakini hofu ikishaingia ndani, neno dogo huota pembe. Mwandu alisema mchana ule wataenda kwa Maiko na fimbo, awaeleze. Kwanza lakini, dawa. Alitoa chupa mfukoni. Ndani mlikuwa na maji ya majani yaliyotwangwa, meusi, yanayonuka.

"Lala chali. Tutatia macho yote mawili, ugonjwa usihame."

Specioza alikuwa ameganda mlangoni na madaftari yake. Alitazama ukutani. Darubini ilikuwa imetundikwa, ila vifuniko vyake vilikuwa chini.

"Baba," alisema, "ile darubini uliishika jana mchana?"

"Sikuishika," Manyanda alijibu. Mbele ya kaka yake angekirije kwamba alivunja sheria ya mtoto, tena kwa ajili ya mtamba aliyekuwa zizini?

"Baba mkubwa, naomba usubiri kidogo."

"Watoto wa shule siku hizi wanawaamuru wazee," Mwandu alisema, akafungua chupa.

Specioza alipiga magoti kando ya baba yake. Alikuwa analia. "Baba, kama hukuishika, nyamaza, utiwe dawa. Kama uliishika, Maiko hana kosa, na dawa hiyo itakuharibu na lile jicho zima."

Tone lilikuwa limeshafika mdomoni mwa chupa. Manyanda alilitazama kwa jicho lake la kushoto, jicho pekee lililokuwa linaona sawasawa. Akaushika mkono wa kaka yake.

"Acha," alisema. "Niliishika. Nilikuwa natazama tumbusi."

Nyanzala alifunika mdomo kwa kanga.

Walikwenda hospitali wote wanne, Specioza akiwa na darubini shingoni. Sista Fausta alimpima Manyanda kwa ubao wa herufi za E. Kwa jicho la kulia hakuiona hata ile E kubwa ya juu, mpaka alipotazama pembeni yake. Daktari alimulika ndani ya jicho kwa tochi ya Sista, Manyanda akasimulia habari ya tumbusi. Kisha Sista Fausta akauliza, "Hao tumbusi walikuwa upande gani wa jua?"

"Walikuwa wanalizunguka. Nami nikawafuata."

Sista Fausta aliweka tochi mezani taratibu.

"Leteni hiyo darubini," alisema. "Twende nje."

Aliokota jani kavu la mahindi, jeusi kidogo. Alilipa jua mgongo, akaelekeza darubini kwa kutazama kivuli chake tu. Jicho moja la darubini alilifunika. Nyuma ya lile lingine, pale mtu anapoweka jicho, akaliweka jani.

Walisubiri kidogo tu. Jani likatoa moshi. Kisha likatoboka.

Mwandu alirudi nyuma, akafanya ishara ya kujikinga. Nyanzala alilia kwa sauti. Manyanda alikaa palepale vumbini.

"Hivyo ndivyo," alinong'ona, "nilivyofanya kwenye jicho langu?"

"Hivyo ndivyo, baba Specioza. Darubini haileti mwezi tu karibu. Inakusanya na mwanga. Ukiielekeza kwenye jua, mwanga wote na moto wake unaingia kwenye tundu dogo la jicho. Unaunguza nyuma, pale panaposomea sura za watu."

"Mbona sikusikia kuungua?"

"Nyuma ya jicho hakuna maumivu. Ndiyo hatari yake. Mkono ukiungua unautoa. Jicho likiungua unaendelea kutazama."

"Na la kushoto?"

"Ulilifumba?"

"Nilishindwa kutumia mawili."

Sista Fausta alipumua. "Mungu ashukuriwe. Ungekuwa hodari wa darubini, leo ungeongozwa kwa fimbo."

Aliieleza familia yote pale nje. Usilitazame jua kwa darubini, wala kwa macho matupu, wala kwa kioo kilichopakwa masizi, wala ndani ya beseni la maji. Ukiona doa machoni, njoo hospitali siku hiyohiyo. Usitie majani, mkojo wala maziwa, kwa sababu vitu hivyo huozesha kioo cha mbele cha jicho, na kinachooza hakirudi.

"Nipe dawa basi, Sista."

"Dawa ya hili sina. Macho mengine hupona yenyewe polepole, kwa miezi. Mengine hubaki na doa. Nikikuahidi, nitakuwa nakudanganya."

Mwandu alimwaga chupa yake mtaroni bila kuambiwa. Jioni walikwenda kwa Maiko, lakini bila fimbo. Walikwenda kumlipa mpunga.

Jumamosi iliyofuata Sista Fausta alisimama mbele ya wanachama. "Kosa ni letu pia," alisema. "Tulitunga sheria, tukaificha sababu. Darubini inalala kwenye nyumba za watu. Basi watu wa nyumba hizo wajue." Wakakubaliana kuitisha mkutano wa wazi, waonyeshe namna salama ya kuona jua.

Mkutano ulifanyika Majengo mwezi uliofuata, doa la Manyanda likiwa limeanza kupungua. Specioza alifunga darubini kwenye kigoda, jicho moja limefunikwa, na nyuma yake akasimamisha karatasi nyeupe. Duara la mwanga likatokea kwenye karatasi. Ndani yake mlikuwa na madoa madogo meusi.

"Hayo ni madoa ya jua lenyewe," alieleza. Watu wakaguna kwa mshangao. Jua lina madoa?

Mbele kabisa alisimama Maiko. Karatasi haikumtosha. Aliinama, akasogeza jicho kwenye darubini.

Manyanda alimrukia. Alimsukuma kwa kifua, wote wawili wakaanguka chini. Watu wakakimbilia kuwaamua, wakidhani ugomvi wa mpunga umeanza upya.

"Una wazimu?" Maiko alisema, akijipangusa.

Manyanda alimshika mabega, akafumba jicho la kushoto.

"Maiko, simama hivyohivyo. Mwezi uliopita, kwa jicho hili, hukuwa na uso. Leo nakuona paji. Nakuona na kidevu. Pua na macho bado huna." Akageukia watu. "Nilitazama alichotaka kukitazama yeye. Nilidhani yeye ndiye aliyeniroga."

Maiko aliunyoosha mkono wake mbele ya uso wa Manyanda, akausogeza kushoto na kulia, akaona jicho la kulia linavyoutafuta.

Alimpita Manyanda, akavuka barabara, akarudi na mkewe na watoto wake waliokuwa wamesimama kivulini. Akawageuza mmoja mmoja kwa mabega, wakatazama karatasi. Wengine nao wakageuka. Mtaa mzima uliliona jua siku ile, kila mtu akiwa amelipa kisogo.