Nguo za Sikukuu Tumboni mwa Taa

Stoo ya Sihaba iko ghorofa ya nane, Xiaobei, mtaa wa Waafrika kwa Wachina, na bahari hapo huioni hata ukipanda darini. Sasa harufu ya mwani ilitoka wapi? Floribert, yule Mkongomani wa stoo ya pili ambaye pua yake iko kila mlango, alichungulia.

"Mama Muzdalifa, unakausha samaki humo?"

"Nakukausha wewe," Sihaba akamjibu. Akageuka ghafla. Mwanga ulikuwa umepita ukutani, ukaenda, ukarudi. Na taa ya mnara wa Jiwe Jike wa kwao Unguja, iliyoletwa huku kuchongewa kioo kipya ili mnara ule wa kale wa kuongozea meli usiishie kuwa gofu, ilikuwa imekaa sakafuni, haina utambi wala waya, inangoja kontena.

Jana yake Sihaba alikuwa ameifunga. Na mfunga mizigo, mumjuavyo, hawezi kuona uwazi unasafiri bure. Tumbo la taa alilishindilia nguo za sikukuu za mwanawe Muzdalifa, aliyemwacha Unguja kwa bibi yake.

Simu ikalia. Alikuwa mamake, Bi Dalila, mjane wa mlinzi wa mwisho wa mnara ule. Alikuwa ananong'ona.

"Mwanangu, mtoto hafumbi macho tangu jana. Kakaa dirishani anageuza kichwa, huku, kisha huku. Nywele zinanuka mafuta ya taa. Mmeifanya nini ile taa?"

"Hatujaifanya kitu, mama. Nimetia nguo zake tu mle ndani."

Bi Dalila akashusha sauti zaidi.

"Baba'ko siku ya kwanza ya kazi alitia shuka yake mle. Ndivyo mwenye taa anavyomjua mtumishi wake. Mimi mkewe nilikatazwa hata kusahau kitambaa. Umemtoa mtoto awe mtumishi wake, Sihaba."

Sihaba alipiga magoti akaingiza mkono, akavuta gauni likatoka limeroa maji ya chumvi, akavuta suruali, akavuta soksi, na kila alichokivuta kulikuwa na kitu ndani kinachokishika upande wa pili, kwa upole, kama mtu anayekusaidia kukunja nguo, hadi ukabaki mtandio mdogo wa waridi, na huo haukuachiliwa, na sauti ya kizee, karibu kabisa na sikio lake, ikamuuliza kwa adabu:

"Basi nani ataniwashia?"

Hakufikiri. Alivua kanga yake ya begani akaisukuma mle ndani. Mtandio ukalegea.

"Kafumba," Bi Dalila alikuwa analia simuni. "Kalala, mwanangu, kalala."

Taa ilisafiri. Mnara umekarabatiwa, wageni wanaupiga picha. Sihaba hajarudi kwao, na wanawake wa Xiaobei wanasema kapata mume wa Kichina. Waache waseme. Lifti ni nzima, lakini kila jua likitua husikika anapanda ngazi kwa miguu, taratibu, kama aliyebeba debe la mafuta.

Juzi Floribert alikutana naye ngazini.

"Mama, lifti imekukosea nini?"

Sihaba akamgeukia, hapepesi macho, anageuza kichwa huku, kisha huku. Uso wa Floribert ukaangaziwa, ukaingia giza, ukaangaziwa tena.