Kikohozi cha Bibi Emiliana

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ruthu alimmiminia bibi yake maji ya kunawa uso, akampa kikombe cha uji mkononi, kisha akamkalisha penye jua. Bibi Emiliana alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. La kushoto halikuona kitu. La kulia liliwaona watu kama vivuli. Mpita njia akimsalimu "Mbukwa", aliitika salamu hiyo ya Kigogo na kumtaja mtu kwa jina, maana alizijua sauti zote za kijiji.

Kijiji chao kiko mbali na mji wa Kongwa, na zahanati haina daktari wa macho. Madaktari wa kujitolea kutoka ng'ambo walipokuja kwa siku tatu, wazee walipanga foleni nje ya shule tangu alfajiri. Darasa moja liligeuzwa kuwa chumba cha upasuaji.

Wazee wengi hawakujua Kiswahili vizuri. Nesi Anyitike, mwenyeji wa Mbeya aliyefuatana na madaktari, hakujua Kigogo. Mwalimu mkuu akamchagua Ruthu wa darasa la sita awe mkalimani wake. Naye nesi alimweleza Daktari Ernest, mpasuaji wa macho, kwa Kiingereza.

Siku ya kwanza, babu wa Zablon, mwanafunzi mwenzake Ruthu, alirudishwa nyumbani kwa sababu ya kikohozi.

"Atibiwe kifua kwanza," nesi alisema. "Tukijaliwa kurudi mwakani, tutamfanyia upasuaji."

Siku ya pili ilikuwa zamu ya Bibi Emiliana.

"Muulize kama anakohoa," alisema nesi.

Ruthu aliuliza kwa Kigogo. Bibi akajibu kwa lugha hiyohiyo, "Waambie nakohoa tangu mavuno. Usiku ndipo kikohozi kinapozidi."

Ruthu alimkumbuka babu wa Zablon. Mwakani ni mbali, aliwaza. Na asubuhi hiyo bibi hakuwa amekohoa hata mara moja.

"Anasema hakohoi," akajibu kwa Kiswahili, ambacho bibi hakukielewa.

Nesi akaandika hivyo.

Walimruhusu Ruthu akae karibu ili amwambie bibi atulie. Daktari Ernest alikuwa ameshalifungua jicho la kushoto pale kifua cha bibi kilipotikisika. Akakohoa mara moja, kisha mfululizo.

"Mwambie ajizuie," alisema nesi.

Ruthu alimwambia. Bibi alijitahidi, lakini kikohozi hakikumwachia.

Baadaye Daktari Ernest alitoka nje, akakaa kwenye dawati na kuinamisha kichwa. Nesi akamwita Ruthu kando.

"Kikohozi kimefanya damu ivuje ndani ya jicho. Hilo halitaona tena, na la pili hatuwezi kuligusa sasa. Ruthu, bibi yako alijibu nini nilipouliza habari za kikohozi?"

Ruthu alilia, kisha akasema kweli.

Nesi alisahihisha jibu aliloandika. "Ningejua, tungemsubirisha," alisema. "Mwambie mwenyewe. Mimi Kigogo sikijui."

Ruthu hakumwambia. Jioni majirani walikuja kumpa bibi pole, naye aliwaambia, "Niliwaeleza kabisa kwamba nakohoa. Wakanipasua tu. Hawa wamekuja kujifunzia kwetu."

Ruthu alisikia yote akiwa jikoni, akakoroga mlenda bila kuinua uso.

Asubuhi ya siku ya tatu foleni haikuwepo. Wazee kumi na wawili waliopangiwa upasuaji hawakutokea. Nesi Anyitike alisimama mlangoni akitazama mabenchi matupu. Ruthu alimtazama, kisha akageuka na kukimbia nyumbani.

"Bibi, madaktari hawakujua. Niliwaambia hukohoi. Niliogopa watakurudisha."

Bibi Emiliana, jicho limefungwa bendeji, aliugeuza uso kuelekea sauti yake. Kisha alinyoosha mkono. "Nishike. Twende kwa wale niliowaambia."

Walipita nyumba kwa nyumba. Wengine walikuwa wameshakwenda mashambani. Mmoja alisema, "Sasa unawatetea," akaufunga mlango. Wazee wawili tu ndio waliokubali kurudi, wakapasuliwa. Mchana gari la madaktari likaondoka.

Barua aliyoiacha nesi iliwafikisha zahanati. Makohozi yalipopimwa, ikaonekana bibi ana kifua kikuu. Kwa miezi sita Ruthu alimpa vidonge kila asubuhi bila kukosa, na kikohozi kikapona. Lakini jicho la kulia liliendelea kufifia, na mwezi wa dawa za mwisho hata vivuli vilitoweka. Kutoka kwa madaktari hakukuja habari yoyote ya kurudi. Babu wa Zablon naye alikuwa bado anasubiri.

Siku moja Ruthu aliuliza, "Bibi, umenisamehe?"

"Nilikusamehe siku ileile," bibi alijibu. "Najua ulinipenda. Lakini sikukupa maneno yangu uyatengeneze, nilikupa uyafikishe. Daktari alikuwa anasikia kwa masikio yako, naye angenisaidia kwa kuambiwa kweli tu, hata ile uliyoiogopa. Siku nyingine mgonjwa akikutuma, sema yote."

"Nitasema, bibi."

Akamwekea kikombe cha uji mkononi, akakunja vidole vya bibi mpaka vikakishika vizuri, kisha akachukua daftari zake akaenda shule.