Blanketi la Mwana wa Mfalme

Siku mama aliporudi, mimi na dada yangu Sorcha tulikuwa tunapika uji wa shayiri. Alisimama mlangoni, amekonda, amejifunga blanketi moja chafu. Sorcha aliangusha mwiko. Tukakumbatiana, tukalia sote watatu.

Kisiwa chetu chote cha Uist kilijua habari zake. Jeshi la mwana wa mfalme liliposhindwa vitani, askari wa adui walimsaka kila mahali. Mama yangu, Oighrig, alimficha nyumbani kwetu siku tatu. Kisha akamvalisha gauni lake na kumtorosha kama mtumishi wa kike. Mwana wa mfalme akaenda zake ng'ambo. Kwa kosa hilo mama akafungwa miezi minane ndani ya meli, pamoja na wafungwa wenye homa. Yeye mwenyewe aliugua huko, akapona.

Majirani walijaa nyumbani.

"Hili ndilo blanketi alilolalia mwana wa mfalme?"

"Ndilo hili," mama alijibu.

Kila mtu alilishika. Wengine walilibusu.

"Mama, tulifue," nilisema. "Linanuka."

"Thubutu! Halitagusa maji mpaka mnizike nalo."

Ndivyo tulivyo watu wa huku. Tukimpenda mtu, hata uchafu wake tunauheshimu. Mimi na Sorcha tulijifunika blanketi lile kwa fahari. Sorcha akajikuna, nikamtania, "Hao chawa wa kifalme!" Akacheka sana. Maneno yale yananichoma hadi leo.

Wiki ya pili Sorcha alishikwa na homa. Kichwa kilimuuma, akatoka vipele, akaanza kuweweseka. Mama alizidi kumfunika blanketi lile, ati apate baraka. Siku ya kumi na mbili ya ugonjwa dada yangu alifariki. Alikuwa na miaka kumi na mitano tu.

Tulipotoka makaburini, nilikuwa natetemeka kwa baridi. Mama akachukua blanketi anifunike. Jirani yetu mzee Ailpean, aliyemsaidia daktari wa meli kwa miaka ishirini, akamshika mkono.

"Oighrig, usimfunike mtoto na hilo!"

"Mzee, leo nimezika. Usinipigie kelele."

"Ndiyo maana napiga kelele. Hebu tazama hapa." Akabinua pindo. Chawa walijaa kwenye mshono, na mayai yao. "Melini tulizika watu mpaka tukachoka. Daktari alipoamuru nguo zote zichemshwe, homa ikapungua. Walikokwenda chawa, na homa ilikwenda."

"Nichemshe kitu pekee nilichobaki nacho?"

"Pekee? Na huyu je?" Akaninyooshea kidole.

Mama alinitazama. Akaketi chini palepale.

"Mtoto wa watu nilimwokoa," alisema. "Wangu nimemuua kwa mikono yangu."

Alilia mpaka sauti ikamkauka. Ailpean alikaa naye, wala hakumharakisha.

"Hukujua, Mama Sorcha," alimwambia. "Sasa unajua."

Tukajaza maji chungu kikubwa, tukawasha moto nje. Mama alilitumbukiza blanketi yeye mwenyewe, kisha nguo zetu zote, na gauni la Sorcha. Alininyoa nywele, akanisugua kwa maji ya moto mpaka nikapiga kelele. Majirani waliolishika blanketi nao wakachemsha nguo zao. Sikuugua.

Tangu hapo, kila mfungwa aliyerudi alimkuta mama ufukweni, na chungu kinatokota na nguo safi mkononi. "Vua kwanza," alikuwa akisema. "Tutakumbatiana baadaye." Wengine walimkasirikia. Lakini homa ile haikuua tena mtu kijijini kwetu.

Blanketi lilisinyaa kwenye maji ya moto, likabaki la kumtosha mtoto. Miaka mingi baadaye wageni walikuja kuliona. Bibi mmoja alilinusa, akanuna.

"Mbona umelifua? Halina hata harufu ya mwana wa mfalme!"

"Ndiyo, nimelifua," mama alijibu, akaniwekea mkono begani. "Na huyu ni mzima."

Kisha akalikunja taratibu, akageuka kutazama upande wa makaburini. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Ningelifua siku ile niliyorudi," alisema, "wangekuwa wawili."