Pazia la Ukumbi wa Mäeküla

Kila asubuhi Leelo alivua buti zake za sufu mlangoni mwa shule ya kijiji cha Mäeküla, akavaa viatu vya ndani, kisha akaenda ukumbini kufunga mapazia. Roboti ya timu yake ilifuata mstari mweusi uliochorwa mezani kwa jicho dogo lililokuwa tumboni mwake, na jua la Februari, lenye kutambaa chini juu ya theluji, lililitia kiwi jicho hilo.

Siku hiyo, ya mashindano ya roboti, alikuwa na kinyongo moyoni. Mwaka jana hawakuwa na meza ya mazoezi yenye mstari kama huo, wakaenda kuiomba shule kubwa ya mjini. Hannes, nahodha wa huko, aliwacheka.

"Meza hii si ya wachimba viazi," alisema. "Nendeni mkafanyie mazoezi shambani kwenu."

Wakashindana hivyohivyo, wakashika mkia. Leelo akaapa kwamba atamlipa.

Mwaka huu waandaaji walitaka shule ndogo nazo zishiriki kwa usawa. Waligawa meza vijijini, na mashindano ya wilaya yakaletwa hapohapo Mäeküla. Hannes alipoingia, Leelo alitabasamu. Mbaya wake amejileta mwenyewe!

Roboti mbili zilikimbia pamoja, kila moja kwenye meza yake. Ya Hannes ilipoanza tu, Leelo alifungua pazia kana kwamba anataka hewa. Jua likamwagika mezani. Roboti ikayumba kama mlevi, ikaanguka sakafuni. Lo, utamu ulioje!

Ndipo akasikia kilio. Kwenye meza ya pili, roboti ya watoto wa shule moja ndogo ya kisiwani nayo ilikuwa imepotea njia. Wale walikuwa hawajawahi kushindana. Mdogo wao, Piia, aliikumbatia roboti akiuliza wamekosea wapi.

Leelo alimwendea Mwalimu Urve, aliyewafundisha kuunda roboti, akamnong'oneza alichofanya.

"Hannes umempata," alisema mwalimu. "Na Piia, alikukosea nini?"

Leelo alikwenda mwenyewe kwa mwamuzi, akakiri mbele ya wote. Mwamuzi aliamuru roboti zile zirudie, akaikata timu ya Leelo pointi kumi. Leelo alichukua mkasi, akazifuata buti zake mlangoni, akakata shingo zake, akalizungushia sufu jicho la roboti ya Piia ili lione mstari bila kutiwa kiwi na jua. Kipande kingine alimtupia Hannes.

"Chukua. Nataka nikushinde ukiwa unaona."

Roboti ya Piia ilifika mwisho wa mstari, na kisiwa kizima kikaruka. Hannes naye akawa wa kwanza, akiwazidi Mäeküla kwa pointi tano tu. Leelo aliuma meno. Zile kumi zingetosha na kubaki.

"Hannes alifunga mlango, wewe ukafungua pazia," Mwalimu Urve alimwambia, "lakini nyote mmewanyima wengine nafasi. Kisasi hakichagui, mwanangu. Ukitaka kumshinda mtu, mpe meza, mpe na kivuli, kisha mshinde."

"Mwakani," alisema Leelo.

Alirudi nyumbani theluji ikimwingia butini, akipanga namna atakavyomwalika Hannes kufanya mazoezi kwao.