Nani Alikufundisha Baiskeli?

Evelina alipoliona jina la mwenzake kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, alilisoma mara mbili. Kati ya vijana wote waliojazana kwenye ule ukumbi wa Lushoto kusubiri mtihani wa kuzungumza Kiingereza, apangiwe Sefania! Watahiniwa waliingia wawili wawili, na mmoja akinyamaza, wote wanaanguka. Bila cheti hicho, kazi ya kuongoza watalii msitu wa Magamba angeisikia kwa wenzake. Na yeye na Sefania walikuwa hawajasemeshana miezi miwili.

Mwenyewe akajitokeza, koti la kuazima limemmeza mabega, viatu vinang'aa kwa kiwi.

"Eve, mpenzi, nimekupigia simu mpaka kidole kimeota sugu."

"Namba yako nimeifungia."

"Sketi hiyo ya kitenge imekukaa, jamani."

"Kaa mbali. Au kimbia, si ndiyo kazi yako?"

Alikuwa na sababu. Sefania alikuwa akimfundisha baiskeli kwenye mteremko wa Mlalo, waya wa breki ukakatika, Evelina akaenda kutua kwenye shamba la kabichi, goti limechanika. Alipoinua uso, alimwona mpenzi wake akitimua mbio bila kugeuka nyuma. Aliyemwinua ni shangazi Esta, aliyedai alikuwa anapita tu. Tangu siku hiyo Evelina alibaki na swali moja, na jibu lake aliliogopa kuliko mtihani wowote: mwanamume aliyemkimbia akiwa chini, atamkimbia mara ngapi akishamwoa?

Waliitwa. Msimamizi, Madam Mwajuma, mama mnene wa miwani ya kamba, aliwaonyesha viti, akataja mada: baiskeli. Akaanza na Evelina. Maswali na majibu yote yalikuwa ya Kiingereza; sisi tunawaletea kwa lugha yetu.

"Unajua kuendesha baiskeli?"

"Kidogo."

"Nani alikufundisha?"

Majibu aliyokariri wiki nzima, ya baiskeli nyekundu aliyonunuliwa na baba, yakamtoka kichwani yote. Kwa Kiswahili angezungukazunguka. Kwa Kiingereza maneno yake yalikuwa machache mno, hata kudanganya hayakutosha.

"Huyu. Nilianguka. Akakimbia."

Madam Mwajuma akamgeukia Sefania. "Kwa nini ulikimbia?"

Jasho likamtiririka, na baridi yote ile. "Nilikwenda kumwita shangazi yake. Kwao sijajitambulisha. Watu wangenikuta nimempakata barabarani, aibu ingekuwa yake. Nikamwomba shangazi asiseme ni mimi niliyemwita." Akamgeukia Evelina. "Niliogopa. Nampenda."

Evelina alishika kiti kwa mikono miwili. Kumbe! Miezi miwili amelowesha mto bure.

"Na akianguka tena?" Madam Mwajuma aliuliza.

"Nitambeba."

"Watu wakiona?"

Sefania akakwama. Kalamu ya Madam ikaanza kushuka kwenye karatasi, na Evelina akaona cheti kinaondoka, na huyu mwanamume naye anaondoka, safari hii kwa kosa lake yeye aliyemfungia namba.

"Basi aje nyumbani kwanza," aliwahi kusema Evelina. "Jumapili. Na mjomba wake."

Madam Mwajuma aliandika, akavua miwani, akaipangusa. Kisha akasema kwa Kiswahili, "Mmepita wote. Tokeni kabla sijalia mbele ya watahiniwa."

Nje, Sefania alimvuta pembeni. "Eve, ile Jumapili ilikuwa ya mtihani au ya kweli?"

"Ya kweli. Nisamehe, Sefa wangu."

"Baba yako ataniuliza maswali?"

"Mpaka ukome."

"Kwa Kiingereza?"

"Kwa Kishambaa cha wazee."

"Heri Kiingereza," alisema Sefania, akaketi palepale kwenye ngazi.