Nilimwacha Buya kwenye Dungu

Nina miaka arobaini na miwili, mjane, mkulima wa mpunga na ndizi hapa Kulesa. Niliolewa mara moja tu. Haya nayasema mwenyewe, kwa sababu wengi wameyasimulia kwa kunihurumia, na mimi huruma hiyo siistahili.

Mume wangu Komora alikuwa mkuu wa wanaume sita waliojitolea kuokoa watu kila mto Tana ulipofurika. Hawakulazimishwa na mtu wala hawakulipwa. Pembe ikilia, walitupa majembe, wakashika pondo na kusukuma mitumbwi hadi mashambani, kuwatoa watu waliokwama juu ya miti. Wamishenari walikuwa bado wageni kule Ngao wakati huo. Sisi tegemeo letu lilikuwa wale sita.

Mwenzake katika mtumbwi alikuwa Buya. Huyo Buya alinichumbia kabla ya Komora, nikamkataa. Alicheka, akasema yamekwisha. Nilimwamini... Kwa nini nisimwamini mtu aliyekula kwangu karibu kila siku?

Mwaka mmoja mto ulifurika kuliko kawaida. Waliitwa upande wa kijiji cha Hewani, ambako mama mmoja wa Kiorma na binti zake wawili walikuwa wamekwama kwenye mkuyu. Buya alirudi na wale watatu, bila Komora.

"Shemeji, maji yamemchukua," aliniambia akilia. "Nimemtafuta mpaka nguvu zimeniisha."

Siku nne baadaye, maji yalipopungua, walimkuta Komora amekufa juu ya mkuyu uleule. Alikuwa amejifunga kwa shuka yake kwenye tawi ili asianguke. Mguu ulikuwa umevimba. Wakati wa mafuriko nyoka nao hupanda miti... Buya alisema bila shaka aliogelea akarudi mtini, na watu wakamkubalia.

Eda yangu ilipokwisha, Buya alituma wazee kunichumbia tena. Wiki ileile alinijia yule mama wa Kiorma na kibuyu cha maziwa, akaketi.

"Mumeo alibaki mtini kwa sababu mtumbwi ulijaa," alisema. "Yule mwenye upondo alimwambia, nisubiri, narudi sasa hivi. Kisha akatutisha tusiseme."

Mnaelewa? Komora alikaa pale akimngoja rafiki yake!

Ningeweza kwenda kwa wazee siku ileile, shahidi akiwa bado yupo. Sikwenda. Wazee wangemtoza fidia, halafu angeendelea kula na kucheka. Mimi nilitaka angoje kama Komora alivyongoja. Nilimkataa kwa maneno mazuri, nikamsalimia kila asubuhi, nikasubiri mvua.

Nikaomba kuwasaidia waokoaji. Kazi yangu ilikuwa kusimama kwenye mwinuko ambako watu hukimbilia, na kujua nani hajafika. Mitumbwi ilikwenda nilikoielekeza. Kila mtu alinisifu, na aliyenisifu zaidi alikuwa Mama Haluwa, mama yake Buya, aliyenipikia uji msiba wangu wote. Aliniita mwanangu.

Mwaka wa pili mto ulivunja kingo asubuhi. Maro, mkuu mpya, aliniuliza, "Shemeji, nani hajafika?"

Nilikuwa nimemwona Buya akienda shambani kufukuza ndege. Nilijua yuko juu ya dungu lake la kulindia mpunga, na nilijua dungu lenyewe ni miti minne tu iliyochomekwa kwenye udongo.

"Upande wa mashamba yetu hakuna mtu," nilijibu. "Buya amevuka kwenda Ngao."

Wakageuza mitumbwi. Nawaambia kweli, nilisikia raha. Nilimwona akilini akiita, akinyamaza, akiita tena, na nikatamani mchana uwe mrefu.

Alasiri nilianza kumtafuta Mama Haluwa nimpe nguo kavu. Sikumwona. Nikamuuliza jirani yake.

"Kwani hujui?" alisema. "Amempelekea Buya chakula shambani."

Mitumbwi yote ilikuwa mbali. Ilipotokea nilikimbilia majini hadi kifuani, nikamwambia Maro kwamba nimemdanganya. Hakunitukana. Aligeuza mtumbwi papo hapo.

Walimkuta Buya ameng'ang'ania nguzo moja iliyobaki. Mkononi alishika kaniki ya mama yake. Mama mwenyewe hakuwapo, na hatukumpata kamwe.

Nilisema yote mbele ya wazee, yake na yangu. Buya hakukana. Walimkataza kushika upondo tena, na mimi wakaniondoa kwenye mwinuko. Mashamba yetu yanapakana. Mara moja tu alinisemesha, akiwa upande wake wa mpaka.

"Ulinitaka mimi," alisema. "Mama alikukosea nini?"

Nikainama, nikaendelea kupalilia.

Msidhani nimemsamehe. Kila nikimwona anatembea kwa miguu yake miwili, namkumbuka Komora mtini, na damu inachemka. Lakini usoni mwake namwona pia Mama Haluwa, na siwezi kumchukia mmoja bila kumlilia mwingine.

Ndugu zangu, aliyekudhulumu umshitaki mchana kweupe, shahidi angali yupo, hata kama fidia haitakutosha. Na ukiulizwa nani hajafika, sema kweli. Hujui yuko na nani kule aliko. Mtoe majini kwanza. Kumchukia, utamchukia nchi kavu.