Alama Nyekundu Mpakani

Kila asubuhi Machachari alikuwa wa kwanza kuwasha kompyuta. Hata mkoba hajautua vizuri, macho yameshafika kwenye skrini. Wenzake wa chuo cha ufundi walipangiwa mafunzo kwenye gereji na viwanda, yeye akabahatika kupata ofisi inayosanifu chipu za akili mnemba, yaani vile vipande vidogo vinavyoiwezesha kompyuta kujibu maswali kama mtu. Kazi yake ilikuwa kupanga kila sehemu ya chipu ikae wapi na nyaya zipite wapi. Nyaya zenyewe, usiseme! Ukiweka unywele kando yake utadhani ni gogo.

Chipu ilikuwa imegawanywa viwanja. Machachari alipewa kimoja, na cha jirani akapewa mwanafunzi mwenzake, kijana asiye na maneno mengi ambaye ofisi nzima ilimwita Kimya. Jioni kila mmoja alikagua kiwanja chake. Usiku kompyuta kuu iliviunganisha vyote na kuvikagua upya.

Asubuhi hiyo Machachari alifungua ripoti, moyo ukamlipuka paa! Jana jioni kiwanja chake kilikuwa safi kabisa. Leo upande mmoja umetapakaa alama nyekundu za makosa. Na haikuwa mara ya kwanza.

"Kuna mkono wa mtu hapa," alijisemea.

Akamtupia Kimya jicho. Kimya akainamisha kichwa haraka. Ala! Mtu asiye na hatia anainamia nini? Machachari akaanza kuunganisha mambo. Ni Kimya aliyekuwa akichungulia skrini yake kila akipita. Ni Kimya aliyebaki ofisini jioni wengine wakiondoka. Tangu hapo Machachari akaigeuza skrini yake, na kijana wa watu akimsogelea, alinuna kama aliyelishwa ndimu.

Nyumbani kaka yake akazidi kumtia maneno. "Anakuchimba huyo, mdogo wangu. Mwahi kabla hajakuwahi."

Kweli akamwahi. Alikwenda moja kwa moja kwa msimamizi wao, mama wa makamo waliyemwita Mama Mhandisi.

"Shikamoo, mama. Kimya anaharibu kazi yangu. Nikiondoka tu, anaingia kwenye kiwanja changu."

"Marahaba, mwanangu. Umemwona?"

Machachari akajibu haraka. "Nimemwona, mama."

Uongo mtupu! Hakuwa ameona chochote. Alikuwa na uhakika tu, akaona uhakika wake unatosha.

"Hili si jambo dogo," alisema Mama Mhandisi. "Likithibitika, atarudishwa chuoni na mwaka wake umepotea."

Kimya akazuiwa kutumia kompyuta. Alishinda kwenye kiti karibu na mlango, mikono magotini, kila apitaye akimtazama. "Sikugusa kitu chake, mama," ndilo neno pekee alilosema. Machachari alijiambia kwamba ameshinda, ingawa mchana alikwepa kupita karibu na mlango ule.

Kesho yake akafungua ripoti. Alama nyekundu zilikuwepo, tena zimeongezeka! Kimya hakugusa hata kitufe kimoja, sasa nani kafanya?

Mama Mhandisi akawaita wote wawili, akakuza picha hadi ukingo wa viwanja vyao ukaonekana wazi. Nyaya za Machachari zilikuwa zimesukumwa pembeni kabisa, ili yeye apate nafasi katikati. Akikagua kiwanja chake peke yake hakuna kosa, maana jirani haonekani. Vikiunganishwa, nyaya zake zinazikaribia mno za Kimya, na zikigusana chipu imekufa.

"Na zako, Kimya, mbona zimerudi ndani hivi?"

"Nilikuwa nazisogeza jioni, mama, ili zake zipate nafasi," Kimya alijibu polepole. "Nilichungulia skrini yake nijue amefikia wapi. Nilitaka kumwambia, lakini nikimkaribia ananuna. Nilipunguza makosa tu, sikuyamaliza, maana kila siku alizidi kusogea. Jana sikuweza kuzisogeza, ndiyo maana yameongezeka."

Machachari alitamani ardhi ipasuke immeze. Angeweza kunyamaza, lakini aibu ilikuwa imemfika shingoni.

"Mama, nilidanganya. Sikumwona. Nilimshuku tu." Akamgeukia Kimya, machozi yakimlengalenga. "Nisamehe, ndugu yangu. Nimekukosea sana."

"Yameisha," alisema Kimya.

"Bado," alisema Mama Mhandisi. "Ofisi nzima ilimwona pale mlangoni kama mwizi. Utamsafisha mbele ya hao hao."

Machachari akasimama katikati ya ofisi, akasema kila kitu. Alipomaliza, Mama Mhandisi alimshika bega.

"Kushuku peke yake si kosa, mwanangu. Katika kazi hii tunashuku kila waya. Lakini anza na kazi ya mikono yako, kisha muulize mwenzako, na usiape umeona usichokiona. Ungemuuliza neno moja tu, angekuonyesha. Mtu pekee aliyekuwa akikusaidia humu ndani, ndiye uliyetaka afukuzwe."